Albamu Husikilizwa Nzima

Maoni ya msikilizaji kuhusu albamu huwa na uzito anapoweza kuonyesha kilichomfurahisha au kumchosha kiko wapi ndani yake. Mjini Bunia kazi hiyo si rahisi, kwa kuwa muziki mwingi humfikia mtu ukiwa vipande: wimbo mmoja umejazwa kwenye kadi ya simu, mwingine umesikika redioni, na albamu yenyewe haijawahi kusikilizwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hukumu ya namna hiyo, iwe ya sifa au ya lawama, humwonea msanii.

Albamu ya Formule 7 ya mwanamuziki wa Kongo Fally Ipupa, iliyotoka Desemba 2022, huonewa hivyo kwa urahisi. Anayeijua kwa wimbo mmoja wa kucheza ataiweka kundi moja na albamu yake Tokooos ya 2017, iliyoelekezwa zaidi kwa masikio ya Ulaya. Akiisikiliza yote atakutana na rumba yenyewe: sauti zinapokezana taratibu, kisha gitaa linabadili mwendo, ngoma zinakaza, atalaku, mchochezi wa dansi, anaingia na miito yake, na sebene, yaani sehemu ya kucheza, linaanza. Kwenye badiliko hilo ndipo albamu ya Kikongo hupimwa, na hii inafaulu. Lawama ya haki nayo ipo. Albamu ni ndefu mno, na mabanga, yale majina ya wakubwa na wafadhili yanayotajwa katikati ya uimbaji, hukata hisia palepale ilipokuwa ikipanda.

Kipimo hicho cha sebene hakifai kwa rekodi za Ituri, mkoa wenyewe wa Bunia. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Colin Turnbull alirekodi nyimbo za Wambuti wa msituni, upande wa Epulu, na kampuni ya Folkways ya New York ikazitoa kwenye santuri. Mwimbaji mmoja hutoa sauti yake fupi akanyamaza, mwenzake akaijaza nafasi, na wimbo ukazaliwa kati yao wote. Sikio lililozoea gitaa huona kuwa nyimbo hizo hazina mwanzo. Likizirudia, husikia upangaji wa sauti ambao bendi nyingi hazijaufikia. Wimbo mmoja wa unyago wa wasichana, uliorekodiwa na Turnbull huyohuyo, uliwekwa kwenye sahani ya dhahabu iliyorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977. Nyimbo hizo zinastahili saa yake katika redio za Bunia.

Maoni ya toleo hili yamechaguliwa kwa msingi huo. Msomaji atakayetuma ya kwake anaombwa aisikilize albamu nzima, mara mbili ikiwezekana, kisha ataje wimbo na mahali ndani ya wimbo anapopazungumzia.