Alama Bila ya Mlaji ni Karatasi Tu

Maoni ya Katibu

Ndugu Wanachama,

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini chama cha wakulima wa karafuu kijishughulishe na khabari za chokoleti ya Fairtrade, yaani ya biashara ya haki, na kwa nini tunazitaja wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ambako mkarafuu haulimwi. Mna haki ya kuuliza, na jawabu yake yatuhusu sote.

Kwanza tuelewane. Katika mpango huu chama cha wakulima huuziana na mnunuzi kwa bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Juu yake hupewa fungu la ziada, na wanachama wenyewe huamua mkutanoni litumike vipi. Mwaka 2019 kiwango cha kakao kilipandishwa kutoka dola 2,000 hadi 2,400 kwa tani, na fungu la ziada kutoka dola 200 hadi 240. Mwaka 2023 kiwango cha kahawa ya arabika iliyooshwa kilipandishwa kutoka dola 1.40 hadi 1.80 kwa ratili. Faida yake imeonekana hapa hapa nchini: wakulima wa kahawa wa Kagera, kwa njia ya chama chao kikuu cha KCU, walitumia fungu hilo kununua hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA, Bukoba.

Lakini kupata cheti si kupata mnunuzi. Vyama vingi vyenye cheti huuza sehemu tu ya mazao yao kwa masharti hayo. Yaliyobaki huenda sokoni kama ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa walaji wanaoiulizia alama ile hawatoshi. Basi hapana budi mlaji atafutwe, na kazi hiyo haifai kuachiwa wafanyabiashara peke yao.

Watu wa kawaida waiweza. Katika mji mdogo wa Garstang, kaskazini ya Uingereza, wakazi walikutana mwaka 2000 wakapiga kura kuutangaza mji wao kuwa mji wa biashara ya haki, wa kwanza duniani. Waliingia dukani, mkahawani, shuleni, makanisani na katika baraza la mji, wakiomba kila mahali pawekwe chai, kahawa na chokoleti zenye alama. Leo miji iliyofuata mfano huo yazidi 2,000. Huko Ghana nako wakulima wa kakao wa Kuapa Kokoo, chama kilichoundwa mwaka 1993, walipata hisa katika kampuni ya chokoleti iliyoanzishwa London mwaka 1998, ambayo leo yaitwa Divine.

Wako watakaosema mlaji hana nguvu. Wazee wetu wangewacheka. Mwaka 1937 sheria ilipokipa Chama cha Wakulima wa Karafuu cha wakati ule haki ya kununua karafuu peke yake, wafanyabiashara wa Kihindi walisusa, na chama cha Congress huko Bara Hindi kikawaambia watu wasinunue karafuu za Zanzibar. Mwaka 1938 serikali ikalazimika kupatana nao. Mlaji aliyekataa kununua aliitikisa nchi. Jee, mlaji anayeamua kununua hawezi kuijenga?

Sasa tuje Tarime. Wenzetu wa huko hulima kahawa ya arabika milimani, na wana chama chao kikuu, WAMACU. Adui yao twamjua, naye ni magendo. Kahawa yao huvushwa Kenya kwa njia za panya, kama karafuu za Pemba zilivyokuwa zikivushwa usiku kwa mashua. Mkulima hapendi kujificha kama mwizi. Hufuata bei nzuri na fedha mkononi. Sisi tumeliona hilo: bei ya karafuu ilipopandishwa sana mwaka 2011, karafuu nyingi zilirudi vituoni.

Lakini Mara wana jambo ambalo Garstang hawana. Wilaya ya Serengeti imepakana na mbuga yenye jina hilo, na wageni maelfu hulala katika mahoteli ya huko. Wengi hutoka katika miji ya Ulaya ambako alama ya Fairtrade yajulikana, na wengi wakitoka mbugani huja kwetu Unguja. Mgeni huyu hana haja ya kufuatwa London. Amekwisha kukaa mezani. Apewe kahawa ya Tarime, na pembeni kipande cha chokoleti ya kakao ya Kyela au Kilombero, kilichotiwa karafuu zetu, na vyama vya wakulima vitajwe kwa majina.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuwaandikie wenzetu wa WAMACU na vyama vya kakao, tukutane na wenye mahoteli ya Mara na ya Unguja kwa sauti moja.

Pili, tuanze mahali penye friji. Chokoleti huyeyuka juani. Haiwekwi barazani kama sabuni. Mashuleni na katika maonyesho ya Nane Nane ifae kakao ya kunywa, ili watoto wa wakulima nao wajue ladha ya wanachokilima.

Tatu, alama isibandikwe ila kwa bidhaa iliyokaguliwa. Sisi tuliosoma chuoni twajua ubaya wa kupunja mizani, na alama ya uwongo ni mizani iliyopunjwa.

Nne, hesabu zisomwe wazi mkutanoni, mpaka senti ya mwisho.

Sisemi kwamba dawa hii yaponya kila ugonjwa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kakao ilipita dola 10,000 kwa tani, na wakati kama huo kiwango cha chini hakimsaidii mtu. Nao Kuapa Kokoo, waliofikia asilimia 45 ya hisa, walibaki na asilimia 20 mwaka 2020, baada ya kampuni ya Weinrich ya Ujerumani kuchukua sehemu kubwa. Anayeingia katika biashara ya watu wenye mitaji lazima awe macho.

Lakini bei kubwa haidumu, nasi twaijua karafuu ilivyopanda na kushuka. Mnunuzi anayelijua jina lako hukumbuka kurudi siku bei zikianguka. Miaka mingi karafuu zetu zilikwenda Indonesia zikachomwa katika sigara, na mvutaji hakuuliza zimechumwa na nani. Wakati umefika wa kuulizwa, na wa kujibu.

Jambo hili litaletwa katika mkutano mkuu. Njooni na maoni yenu, hata ya kupinga.

Wenu katika kazi,
Katibu