Msaada Ufike Mkononi mwa Mfanyakazi

WAPO watu mpaka leo wanaodhani kwamba kuimba, kupiga muziki na kuigiza si kazi, bali ni njia ya kupitisha wakati. Laiti dhana hiyo ingebaki barazani! Huingia pia katika sheria, na mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoenea, Uingereza ilituonyesha matokeo yake.

Majumba ya maonyesho ya London yalifunga milango Machi 16. Mwezi wa Julai Serikali ikatangaza pauni milioni 1,570 kwa ajili ya sanaa na utamaduni. Fedha hizo ni nyingi, wala hatuzibezi. Zimeokoa majumba mengi. Walakini jumba halina watoto wa kulisha. Sehemu kubwa ilikwenda kwa majumba na vyama, na mwigizaji, mpiga fidla, fundi wa taa au mshonaji wa mavazi ya jukwaani asiye na ajira ya kudumu alitakiwa abishe hodi kwingine.

Huko kwingine ni kwenye ruzuku ya watu waliojiajiri. Sharti lake moja lilikuwa kwamba angalau nusu ya pato la mtu litokane na kujiajiri. Sasa, ye yote ajuaye maisha ya msanii anafahamu kwamba leo ana mkataba wa mshahara wa miezi miwili, kesho anajitegemea, na keshokutwa anauza kahawa ili apate nauli. Mtu wa namna hiyo alikosa huku na huku. Aliyeanza kazi karibuni, asiye na hesabu za kodi za mwaka 2018/19, naye hapo mwanzo hakupata kitu.

Ufaransa walikuwa na njia iliyo bora. Tangu zamani mfanyakazi wa jukwaani, pamoja na fundi wa taa, akitimiza saa 507 za kazi katika miezi 12 hupata haki ya posho wakati hana mkataba. Mei 2020 Rais Macron alitangaza kwamba haki hiyo ingedumu hadi mwisho wa Agosti 2021, hata kama saa hazikutimia. Nao wafanyakazi hawakuketi kungojea hisani. Machi 2021 waliingia katika jumba la Odéon mjini Paris wakakaa humo, na wenzao wa miji mingine wakafuata. Mei muda ukasogezwa hadi mwisho wa mwaka.

Ayalandi nao, mwaka 2022, walianza kuwapa wasanii 2,000 euro 325 kila juma kwa miaka mitatu, fedha mkononi. Twausifu mpango huo, lakini kura iliyotumika kuwachagua hatuipendi. Waliotimiza masharti walizidi 8,000, na wale ambao kura haikuwaangukia walikuwa wasanii vile vile, wenye kodi ya nyumba ya kulipa kila mwisho wa mwezi.