PUMZI YA NJITI NA CHUPA YA MAJI

Ndugu msomaji, wewe kijana wa kijiweni, hebu weka kahawa chini kidogo. Mkeo umempandisha basi kwenda kwao Kerenge, Korogwe, akajifungulie kwa mama yake, kama wafanyavyo wenzako wengi. Usiku simu inalia: uchungu umeanza na mimba ina wiki 27. Unajua kinachofuata?

Mtoto wa wiki hizo ana uzito wa kilo moja hivi. Mapafu yake hayajatengeneza ute wa kutosha wa kuzuia vijifuko vya hewa visinate. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani, ubane, kisha jaribu kuufungua kwa kuupuliza. Hiyo ndiyo kazi ya njiti kwa kila pumzi! Mbavu zenyewe ni laini, kwa hiyo akivuta hewa kifua kinabonyea ndani. Utamsikia akiguna. Wazee watasema analia. Halii. Anabana koo ili hewa isimtoke yote, na akichoka, anaacha.

Wakubwa wasituambie hii ni kazi ya Mungu. Agosti 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alizaliwa wiki tano na ushei kabla ya wakati, akafa baada ya siku mbili kwa ugonjwa huu huu. Ukubwa wa baba haukumsaidia, maana tiba haikuwapo. Mwaka 1971 Dakta George Gregory na wenzake wa San Francisco wakaonyesha njia: sukuma hewa mfululizo ili mapafu yasifunge.

Njia hiyo leo inafanyika kwa chupa ya maji. Hewa yenye oksijeni inaingia kwa mirija puani, na mrija wa kutolea unatumbukizwa majini, tuseme sentimita tano. Kina hicho ndicho kipimo cha msukumo. Blantyre, Malawi (Malawi jamani, si Ulaya!), matokeo yaliyotangazwa 2014 yalionyesha kuwa katika kila watoto wachanga 100 waliopumua kwa shida, walipona 71, wakati waliopewa oksijeni tupu walipona 44.

Hatusemi kila zahanati igawiwe chupa. Oksijeni ikizidi huharibu macho ya njiti. Anahitajika muuguzi aliyefundishwa, kipimo cha oksijeni na umeme usiokatika. Ndiyo maana mama anatakiwa afikishwe hospitali mtoto akiwa bado tumboni, ambako anaweza kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto. Sasa, gari la wagonjwa liko wapi saa nane za usiku? Kutoka Korogwe hadi Bombo, Tanga, upite Segera na Muheza, njiti atavumilia?

Na wewe baba una kifua. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulitangazwa 2021: watoto wa kuanzia kilo moja hadi pungufu kidogo ya 1.8 waliobebwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mama akizidiwa, beba wewe. Acha aibu.

Aprili 2001, pale Abuja, serikali za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Mashangingi ya vigogo hayakungoja ahadi, yalinunuliwa. Basi anayekuja kuomba kura, muulize: hospitali ya Magunga ina mashine ngapi za kusaidia njiti kupumua, ngapi ni nzima, na usiku wa leo nani yuko zamu?