Madai Sita ya Lettow-Vorbeck, na Majibu Kutoka Mlali

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Kitabu chenyewe, Meine Erinnerungen aus Ostafrika, kilifasiriwa kwa Kiingereza mapema, na toleo la vijana lililoitwa Heia Safari! lilitoka mwaka uleule. Tangu hapo jina lake limepambwa kwa sifa: simba wa Afrika, jemadari asiyeshindwa, mzungu aliyependwa na askari weusi. Sifa hizo zimeingia katika vitabu vya historia ya vita, katika filamu, na hata katika masimulizi ya watu wetu wenyewe.

Mlali imo katika vita hivyo. Mahali hapa, chini ya milima ya Uluguru upande wa magharibi, ambapo leo hupita malori ya kabichi na njegere kutoka Mgeta, Wajerumani walikuwa na ghala la zana za vita. Tarehe 24 Agosti 1916 wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya Jenerali Enslin walilivamia. Kapteni Otto alipambana nao, Lettow-Vorbeck akaja na vikosi zaidi, kisha Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milimani kuelekea Kisaki. Tarehe 26 Morogoro mjini ikawa mikononi mwa jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Smuts.

Kwa kamanda, Mlali ilikuwa kituo kimoja katika safari ndefu. Kwa wenyeji ilikuwa nyumbani, na ndiyo maana kitabu hiki kinastahili kusomwa kutoka hapa. Nayachukua madai sita, ya mwandishi na ya wanaomsifu, nayajibu moja moja.

Dai la kwanza: Vita vilimfuata, yeye alitimiza wajibu wake tu.

Lettow-Vorbeck alifika Dar es Salaam Januari 1914. Vita vilipoanza Ulaya miezi saba baadaye, koloni lilikuwa na mkuu, naye ni Gavana Heinrich Schnee. Schnee hakutaka vita viingie. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulitoa nafasi ya makoloni ya eneo hili kubaki nje ya ugomvi wa Wazungu, na gavana alikuwa tayari kufanya mapatano na manowari za Uingereza ili miji ya pwani isipigwe.

Kamanda aliona vingine. Agosti 1914 askari wake walivuka mpaka na kuteka Taveta, wakaanza kuisumbua reli ya Uganda. Ugomvi wake na Schnee uliendelea hadi mwisho wa vita, naye katika kitabu hauonei haya: anaueleza kama ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeona mbali. Haiwezekani basi kusema hakuwa na hiari. Waingereza nao walikuwa na tamaa zao, na huenda vita vingefika tu. Lakini mkubwa wake wa kazi alitaka njia nyingine, na yeye akampuuza. Alitaka vita, akavipata, na bili ikaletwa kwa watu ambao hakuna aliyewauliza.

Dai la pili: Hakushindwa.

Hili ndilo linalopendwa kuliko yote. Tuhesabu. Machi 1916 alipoteza nchi ya Kilimanjaro. Julai akapoteza Tanga, mji aliokuwa ameutetea kwa ushindi mkubwa Novemba 1914. Agosti akapoteza Mlali na Morogoro. Mwanzoni mwa Septemba Dar es Salaam ikaanguka, na baada ya wiki mbili hivi Wabelgiji wakaingia Tabora. Reli ya Kati yote ikamtoka. Mwaka uliofuata alipigana vikali Mahiwa mwezi Oktoba, akawatia Waingereza hasara kubwa, lakini hakuwa tena na risasi wala dawa za kuendelea. Tarehe 25 Novemba 1917 alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akiwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wengi.

Kamanda aliyepewa nchi kuilinda, akaipoteza mji kwa mji hadi akatoka nje ya mipaka yake, ameshindwa kuilinda. Kilichobaki ni kwamba hakukamatwa. Hilo ni jambo la kweli, na lilihitaji akili na ukakamavu, lakini kutokamatwa na kutoshindwa ni mambo mawili. Alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ujerumani kukubali kusitisha vita. Machi 1919 alipita mitaa ya Berlin juu ya farasi, akishangiliwa na watu waliokuwa wamechoka kusikia habari za kushindwa na waliohitaji mtu wa kumwita mshindi.

Dai la tatu: Aliwabana maadui 300,000 wasiende kupigana Ulaya.

Hii ndiyo hoja inayotumika kuhalalisha kila kitu: kwamba kila siku aliyoongeza msituni iliiokoa Ujerumani huko Ufaransa. Tazama basi waliokuwa wakimfukuza ni akina nani. Walikuwamo Wahindi, Waafrika Kusini, Wanijeria, watu wa Gold Coast na wa visiwa vya Karibi, na kadiri vita vilivyoendelea walizidi kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Uingereza la askari Waafrika. Jeshi hilo la mwisho lilikuwa na watu chini ya 3,000 mwaka 1914. Vilipokwisha lilikuwa na zaidi ya 30,000, wengi wao vijana wa Nyasa, Kenya, Uganda na Tanganyika yenyewe. Uingereza haikuwa na nia ya kuwapeleka vijana hao Ufaransa, awepo Lettow-Vorbeck au asiwepo. Walioweza kuhamishiwa Ulaya walikuwa sehemu ndogo.

Aliowabana hasa ni Waafrika. Rekodi rasmi za Uingereza zinaonyesha zaidi ya wapagazi 95,000 waliofia kazini upande wao, na wanahistoria wengi huona idadi hiyo ni pungufu. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Dar es Salaam imebaki na Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao.

Ukipima mpango wake kwa lengo alilojiwekea mwenyewe, Ujerumani ilishindwa Ulaya. Miaka minne ya mateso ya Afrika Mashariki haikubadili lolote huko.

Dai la nne: Jeshi lake lilijitegemea kwa ubunifu na nidhamu.

Wanaomsifu hupenda kueleza jinsi Wajerumani walivyotengeneza kwinini yao, viatu vyao na nguo zao. Ni kweli, ubunifu ulikuwepo. Lakini swali la kwanza la jeshi lolote ni chakula, na hapa kuna hesabu ambayo kitabu hakiifanyi.

Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 25. Akila kilo moja ya unga kwa siku, safari ya siku kumi kwenda na kumi kurudi humla kilo 20. Kinachomfikia askari ni kilo tano. Barabara za magari hazikuwepo milimani, na mbung'o waliua farasi na nyumbu kwa maelfu. Jeshi lililoiacha reli halikuweza kubeba chakula chake hata lingekuwa na nidhamu kiasi gani. Lilikula kilichopo njiani, na kilichopo njiani kilikuwa akiba ya watu.

Sasa iweke hesabu hiyo Mlali, mwezi Agosti. Masika yamekwisha, mahindi na mtama vimevunwa, vihenge vimejaa. Chakula hicho ndicho cha kuivusha familia hadi mavuno yajayo. Ndani ya wiki chache majeshi mawili yalipita katika bonde moja, la kwanza likirudi nyuma, la pili likilifuata kwa posho pungufu kwa sababu magari ya Smuts hayakuweza kulifikia. Nafaka, mbuzi na kuku ni vitu vya kuchukuliwa na wote wawili. Amri zilishuka kwa akida, akida akambana jumbe, jumbe akatoa vijana wa kubeba. Mapigano ya Kisaki na Dutumi yakafuata Septemba, kisha majeshi yakakaa kando ya mto Mgeta hadi Januari 1917. Miezi hiyo ndiyo ya kusafisha mashamba na kupanda vuli. Kijana aliyebeba masanduku ya risasi hakulima.

Mizinga ya manowari Königsberg, iliyomalizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, ilivutwa nchi kavu kwa kamba na mamia ya watu. Picha za mizinga hiyo zimehifadhiwa. Majina ya waliovuta kamba hayakuandikwa, kama ambavyo Wajerumani hawakuacha hesabu kamili ya wapagazi wao waliokufa.

Kilichofuata kinajulikana. Ugogoni njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoshika mwishoni mwa vita, iliua watu wanaokadiriwa kuwa 30,000. Ukame ulichangia, lakini ng'ombe, nafaka na vijana walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, kwanza na Wajerumani, kisha na Waingereza. Homa ya mafua ya mwaka 1918 ikawakuta watu miili imedhoofu.

Dai la tano: Askari na wenyeji walimpenda na kubaki naye hadi mwisho.

Walioweka silaha chini Abercorn walikuwa askari wasiozidi 1,200 hivi, kutoka jeshi lililokuwa na zaidi ya askari 10,000 mwaka 1916. Wengine waliuawa, waliugua, walitekwa, na zaidi ya 2,000 walitoroka. Waliotekwa hawakuona shida kuhamia upande wa pili: mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles kwa kutumia waliokuwa askari wa Mjerumani.

Silaumu waliobaki wala waliotoroka. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kitabu chake Violent Intermediaries cha mwaka 2014, ameonyesha kwamba askari walikuwa watu wenye hesabu zao: mshahara, cheo, wake na watoto walioandamana na jeshi, na heshima ya kuitwa wakubwa kijijini. Waliibakia kazi hiyo ilipowalipa, wakaiacha ilipokuwa mzigo. Ni uamuzi wa watu wazima. Kuuita mapenzi kwa bwana mmoja ni kuwavua akili zao.

Na malipo? Kuelekea mwisho walipewa karatasi za ahadi badala ya fedha. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi ndiyo kwanza iliamua kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Malipo hayo husimuliwa kama kisa cha uaminifu wa kugusa moyo. Mimi naona deni lililocheleweshwa miaka 46, hadi wadai wengi walipokuwa kaburini. Na wapagazi hawakuwemo katika hesabu hiyo.

Kuhusu wenyeji, waliokuwa mlimani walikuwa bado wana kumbukumbu ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907, ambayo ilifika hadi Kisaki, na ya mashamba yaliyochomwa ili watu washindwe kwa njaa. Kukimbilia msituni askari wanapokaribia lilikuwa jibu la mtu anayewajua wageni wake.

Dai la sita: Tusimhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo.

Tutumie basi macho ya wakati wake. Gavana wake alimpinga mwaka 1914. Daktari wake mwenyewe wa jeshi, Ludwig Deppe, aliyetembea naye njia ile, aliandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa, na kwamba hawakustahili tena kujiita waleta ustaarabu. Mtu huyo hakuwa mwanaharakati wa karne ya 21. Alikuwa Mjerumani aliyeshuhudia, na maneno yake yalitangulia kumbukumbu za kamanda.

Maisha yake mengine nayo yanasema. Kabla ya kuja kwetu alikuwa katika makao makuu ya Jenerali von Trotha huko Namibia, wakati Waherero walipoangamizwa. Aliporudi kwao aliongoza kikosi kilichotumwa Hamburg Julai 1919 kuzima ghasia za wananchi, na Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Kapp la kuipindua serikali iliyochaguliwa. Wajerumani wenyewe wameyaona hayo, na miaka ya karibuni kambi na barabara kadhaa zilizobeba jina lake zimepewa majina mengine.

Tukisome vipi?

Sisemi kitabu hiki kitupwe. Kisomwe shuleni na vyuoni, hapo Mzumbe na kwingineko, kwa sababu ni ushahidi ulioandikwa na mtendaji mwenyewe. Kila anapoandika kwamba kikosi kilihama, msomaji aulize mizigo ilikuwa kichwani mwa nani. Kila anaposema chakula kilipatikana, aulize kilitoka kihenge cha nani.

Waingereza wasiachwe pia. Aprili 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni mwanzo. Kazi inayofuata ni yetu: koo za Kiluguru bado zina wazee wanaojua nani wa ukoo wao alichukuliwa na hakurudi, na walimu wa historia wa Mlali na Mgeta wanaweza kuwatuma wanafunzi kuandika majina hayo sasa, kabla wazee hao hawajaondoka nayo. Lettow-Vorbeck aliandika hesabu yake mapema, na kwa miaka mia moja ndiyo iliyosomwa peke yake. Hesabu ya upande wa pili ikiandikwa, jina la shujaa halitamfaa tena.