Kamera na Wana Wetu
Ndugu Waislamu, juzi mzazi alinijia chuoni amefura: mwanawe kaelezwa shuleni kuwa kupiga video na kuzihariri kwa kompyuta ni kazi ya kuchumia. "Sheikh, huu si upotofu?" Na simu yake mfukoni yasoma Qur'ani! Sauti ile ilijirekodi yenyewe?

Sheikh Al-Amin bin Aly Mazrui alipotoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, hakungoja mtambo wa chapa usilimu kwanza. Uchafu umo, sikatai. Na bahari ina papa, wala hatujaacha kuvua. Twalalamika filamu zatusingizia, na wana wetu twawakataza kamera. Nani basi atusemee?

Nilimwambia: mlete kijana Alhamisi, arekodi darsa. Ujira wake upo.