Tahadhari kwa Wanunuzi wa Fleti za Pwani: Usilipe Bado

Kama unakaribia kutuma malipo ya awali ya fleti ya Nyali, Diani, Kilifi au Watamu, na jengo lenyewe bado ni picha kwenye simu, subiri. Sisemi bei zitaporomoka mwezi ujao. Nasema zimesimama kwa mguu mmoja, nao ni mgeni wa kulala.

Fleti nyingi za aina hiyo hununuliwa na mtu wa Nairobi au wa ughaibuni ili apangishe watalii. Kwa hiyo bei yake haifuati mishahara ya Mombasa, inafuata ndege. Na ndege zimewahi kukatika. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa ila kwa dharura, na kampuni za utalii zikawarudisha wageni kwao kabla ya siku zao. Mwezi uliofuata mji wa Mpeketoni, Lamu, ukashambuliwa. Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria wa kimataifa hadi Agosti. Mgeni hayupo, lakini mkopo wa benki unadai vilevile.

Hapo wenye fleti hutaka kuuza wote kwa pamoja, na wanunuzi waliotarajiwa ndio hao hao wanaouza. Matangazo hayatakuonyesha hilo: bei hubaki juu, nyumba ikakaa bila kuguswa. Anayeumia zaidi ni aliyelipia nyumba isiyojengwa, maana mjenzi anayetegemea amana za wateja wapya akizikosa, kazi husimama.

Kabla ya kutia sahihi:

- Wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi wa hati: mwenye kiwanja ni nani, kimewekwa rehani au la, na kama ni cha kukodi, imebaki miaka mingapi.
- Mkataba uahidi hati yako binafsi ya fleti, kama sheria ya mwaka 2020 inavyoruhusu.
- Lipa kwa hatua za ujenzi zilizokaguliwa, kupitia akaunti ya wakili.
- Mthamini aliyesajiliwa akupe bei za nyumba zilizouzwa, si zinazotangazwa.
- Piga hesabu ukichukulia nusu ya mwaka hakuna mgeni. Msimu wa masika baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Ikiwa mshahara wako pekee hauwezi kulipa mkopo, usinunue.

Muuzaji akikwambia bei inapanda Ijumaa, mwache aipandishe.