Kichwa Chake Kilisahauliwa
Mwaka 1990 kampuni ya OXO huko Marekani ilianza kuuza kisu cha kumenyea viazi chenye mpini mnene wa mpira. Husimuliwa eti Sam Farber alimwona mkewe, Betsey, akitaabika kumenya matofaa kwa sababu ya baridi yabisi, akamhurumia, akabuni. Kumbe mama huyo alikuwa msanifu majengo, naye alishiriki kubuni! Watu wakakumbuka vidole vyake vinavyouma, kichwa wakakisahau. Jamani, hiyo ni haki? Nyinyi mnaoandaa vifaa vya kongamano la sayansi, mwenzetu wa magongo akiwapa wazo, mwulizeni kwanza kama anataka hali yake itajwe. Akikataa, basi. Akikubali, aandikwe mbunifu, na asimame mezani nanyi waamuzi wakifika.